Mpini wa Sentimita 137

Katesh,
9 Septemba 2002

Kwa Mzee Onesphory,
Dirma.

Shikamoo Mzee.

Mimi naitwa Eva Margwe, karani mpya wa Ofisi ya Ushauri wa Zana, ile uliyoianzisha wewe na Bwana Nurdin mwaka 1993 katika stoo nyuma ya duka la baba yake. Hatujawahi kuonana, ila kiti ninachokalia wanasema kilikuwa chako, na kweli mguu mmoja umefungwa waya.

Nakusumbua kwa sababu hii. Mkoa mpya wa Manyara umeanza, makao makuu yako Babati, na Bwana Nurdin anataka tuombe kazi huko. Kila kampuni imetakiwa ilete historia yake. Ya kwetu nimepewa mimi niiandike, na mwisho ni Machi.

Mwanzo ninao. Najua mradi wa serikali wa zana za kilimo ulipofungwa wewe ulipunguzwa kazi ukarudi na sanduku la vifaa na futi yako. Najua siku mliyosimamisha kibao barabarani mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akauliza mnauza nini. Bwana Nurdin akajibu, "Ushauri." Mzee akauliza mnapima kwa kilo au kwa debe. Kila mgeni akija Bwana Nurdin anaisimulia hii, na anayecheka wa kwanza ni yeye.

Najua pia kazi yenyewe ilivyokuwa: mtu analeta shida yake, mnaichora, mnatengeneza chombo kimoja cha majaribio, mnakiacha kwa watu msimu mzima, halafu mnarekebisha. Ninachoshindwa kukijua ni kitu kimoja kidogo. Mashine yetu ya kukamua alizeti, ile iliyotupa jina, kwenye michoro ya kwanza ina mpini wa sentimita 90. Kuanzia 1996 mpini ni sentimita 137, na mpaka leo zimetoka mashine zaidi ya mia tatu, zote 137. Kwa nini 137? Kwa nini isiwe 135 au 140, namba ambayo fundi yeyote angeichagua? Nimemuuliza Bwana Nurdin, akasema Onesphory alipiga hesabu. Nimefungua mafaili yote mpaka vumbi limeniletea mafua, hiyo hesabu sijaiona. Mzee, uliipigaje?

Wako,
Eva Margwe


Dirma,
22 Septemba 2002

Binti Margwe,

Marahaba. Huo mguu wa kiti niliufunga mwenyewe, usiuguse.

Hesabu sikupiga. Nilipima kwa futi.

Sikiliza, jambo hili sijamwambia mtu. Mashine namba tatu niliipeleka Nambis mwezi wa saba 1994, nyumbani kwa Mama Verediana, mjane, itumiwe na nyumba kumi. Juni mwaka uliofuata nikaenda kuichukua. Nikakuta mpini umechomekwa bomba la maji na kufungwa waya. Nilikasirika kwelikweli. Nikaandika kwenye ripoti, "imechezewa." Niliporudi karakana nikaijaribu ili nionyeshe mafundi ubaya wa kuchezea vitu. Ikakamua laini kuliko zote nilizowahi kuunda. Nikatoa futi: 137. Mashine namba nne nikaitengeneza hivyohivyo. Nurdin akanisifu mbele ya wageni, nikaona haya, nikamwacha aamini. Leo miguu hainipeleki mbali na ng'ombe wangu wawili hawajali sifa, kwa hiyo andika ukweli.

Utauliza kwa nini sikurudi Nambis kumuuliza yule mama. Kwa sababu walikataa. Mwenyewe alisema hivyo, na jirani niliyekutana naye njiani naye akasema hivyo. Nikaandika Nambis isirudiwe. Lakini miaka saba sasa kuna kitu kinanikereketa: mtu asiyetaka mashine anaichomekea bomba la nini?

Muulize wewe. Wewe unajua kuuliza.

Onesphory


Katesh,
6 Oktoba 2002

Kwa Mama Verediana,
kwa mkono wa Parokia,
Nambis.

Shikamoo Mama.

Hunifahamu. Naitwa Eva Margwe, wazazi wangu wako Dongobesh, nafanya kazi Katesh katika ofisi iliyoleta kwako mashine ya kukamua alizeti mwaka 1994. Habari za nyumbani? Natumaini mko wazima.

Naandika historia ya ofisi. Mzee Onesphory, yule fundi aliyekuja kwako, ameniambia kwamba mpini mrefu wa mashine zetu zote ulianzia kwako, kwa bomba lililochomekwa. Ninaomba uniambie ni nani aliyewaza jambo hilo, na ilikuwaje. Ningependa jina la mwenye akili hiyo liandikwe.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Mbulu, ameapa ataifikisha.

Mwanao,
Eva


Nambis,
20 Oktoba 2002

Eva binti Margwe,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipata baada ya misa. Katekista alisimama mbele akatangaza, "Verediana ana barua kutoka Katesh," watu wote wakageuka kunitazama kana kwamba nimeitwa mahakamani. Mwandiko usikushangaze. Barua zangu naandika mwenyewe, nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka nikapewa cheti, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wangu.

Unauliza bomba. Mpini ulikuwa mfupi, tukauchomekea bomba lililobaki kwenye mradi wa maji. Basi. Ninyi watu wa ofisi mnapenda kuuliza jamani! Yule Onesphory wenu alikuja na karatasi ya maswali arobaini, akauliza mpaka saa ninayolala.

Huku ni baridi na vumbi, mvua tunaisubiri. Alizeti mwaka huu imekubali. Juzi tumeipeleka mjini Mbulu kukamua, mimi na jirani yangu Philomena na wengine wanne, tumebeba kichwani kama kila mwaka. Philomena goti linamtesa. Alikaa njiani mara tatu.

Lakini na mimi nikuulize. Karatasi za zamani za ofisi yenu bado zipo? Zinasema nani alisema nini? Nijibu hilo kwanza.

Ni mimi,
Verediana


Katesh,
10 Novemba 2002

Mama Verediana,

Shikamoo. Pole na safari ya alizeti, na umpe Mama Philomena pole ya goti.

Karatasi zipo. Ukurasa wenyewe una baka la mafuta, naamini ni ya alizeti yako. Nakunakilia kama ulivyo, maana wewe unanijibu na mimi ni haki nikujibu:

"Nambis, Juni 1995. Majirani hawakuitumia mashine. Mwenye nyumba anasema: Hawaitaki. Jirani, mwanamke, tumekutana njiani, anasema: Hatuitaki. Mashine imechezewa mpini. Nambis isirudiwe."

Baada ya hapo hakuna kitu. Ndiyo sababu, Mama, mashine zimefika Dongobesh, Haydom, Basotu, mpaka Singida, na Nambis haijafika hata moja. Nilimuuliza Bwana Nurdin kwa nini. Akaufungua ukurasa huohuo akanionyesha kwa kidole.

Sasa nivumilie. Jana nilikwenda karakana nikakamua kwa mipini yote miwili. Ule wa 90 ulinitupa juu ya debe la mbegu, mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini. Ule wa 137 nilikalia kigoda nikavuta kwa mkono mmoja. Nikajiuliza, mwanamke wa shambani mwenye nguvu zake angeutaka mpini mwepesi kiasi hiki wa nini? Tena anayetafuta wepesi, na bomba la maji ni refu mita sita, mbona asiendelee? Mbona mliishia pale?

Mama, nani alikuwa mgonjwa? Na ni kitu gani kiliwazuia kuongeza?

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Mama yangu mzazi husema mdomo huu ndio utakaonifukuzisha kazi.

Mwanao,
Eva


Nambis,
14 Januari 2003

Eva,

Marahaba. Barua yako nimeiweka miezi miwili ndani ya kitabu cha nyimbo. Kila Jumapili tukiimba naiona. Mara nne nimeanza kujibu nikachana. Mama yako anasema kweli kuhusu mdomo wako.

Wewe ni mtoto wa Dongobesh, nikisema kidogo utaelewa. Mashine ililetwa Jumanne. Ijumaa binti yangu Angela akajifungua, mtoto wa kwanza, na yule mtoto hakuona hata jioni. Kwetu unajua, nyumba iliyopatwa na jambo hilo inakaa pembeni. Hamwendi kwa watu na watu hawaji kwenu, chombo hakiazimwi, moto hauombwi, mpaka mwaka uzunguke. Katekista alikuwa ameshalikemea jambo hili kanisani, kwa hiyo hakuna aliyelitamka. Lakini pia hakuna aliyekuja.

Basi mashine ya nyumba kumi ikabaki na wanawake wawili. Tuliiingiza chumba cha nyuma, maana tungekamulia uani ingekuwa kama tunawaita watu, na kuwaita hatukuruhusiwa. Angela hakuwa anasema neno. Nampikia, anakula kidogo, anageukia ukuta. Wiki kadhaa zikapita hivyo. Siku moja akainuka mwenyewe akaushika ule mpini, nafikiri alichoka tu kukaa. Akashindwa. Damu ilikuwa imemwishia, mikono haina kitu. Akakaa sakafuni akalia, na tangu mtoto azikwe hakuwa amelia. Eva, mimi nililia naye, halafu nikachukua msumeno wa marehemu mume wangu.

Nilichomeka bomba refu. Ukilishusha linagonga ukuta. Nikakata. Likagonga tena. Nikakata mara ya tatu, likapita, likabakiza upana wa kidole. Hiyo ndiyo hesabu mnayoitafuta kwenye mafaili. Ni ukuta wangu. Chumba kingekuwa kikubwa, mpini ungekuwa mrefu zaidi.

Basi Angela akakamua. Kila siku kidogo. Alizeti ikaisha tukajaribu hata mbegu za maboga. Neno lake la kwanza alilisema ameshika mpini ule, alisema, "Mama, hili bomba linapiga kelele." Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa. Sasa yuko Haydom, ana watoto watatu na anaongea kupita kiasi.

Onesphory alikuja mwaka wetu wa kukaa pembeni ukiwa umebakiza wiki tatu tu. Akaniuliza kwa nini majirani hawakuitumia. Ningemwambiaje? Mwanaume, mgeni, kalamu mkononi. Kumtaja yule mtoto mbele ya kalamu sikuweza. Nikasema, "Hawaitaki." Akapakia mashine naangalia. Wiki tatu zaidi wangekuwa wamejaa uani kwangu.

Nilishuku siku nyingi kwamba neno langu ndilo lililotufungia njia. Sasa umeniandikia, najua. Watu hapa wanadhani ofisi ilitusahau tu. Kila mwaka natembea nyuma ya Philomena na goti lake, gunia lake kichwani, naangalia visigino vyake, na moyoni najua ni mimi niliyembebesha. Huyo jirani wa njiani simjui, labda fundi wenu alimtunga apate kujaza karatasi.

Haya usiyaweke kwenye kitabu chenu. Nimekwambia wewe.

Verediana


Katesh,
2 Februari 2003

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ofisini, kosa kubwa. Fundi mmoja akaniuliza nina nini, nikamwambia pilipili. Sijaiweka kwenye faili. Iko kwenye mkoba wangu.

Nimefanya jambo moja bila kukutaja. Nilikwenda kwa Bwana Nurdin na ile fomu ya maswali arobaini. Nikamwambia, tunauliza watu wana ng'ombe wangapi na wanalala saa ngapi, na hakuna mahali tunapouliza nyumba hii imepatwa na nini mwaka huu. Na anayeuliza kila siku ni mwanaume, wakati anayekamua ni mwanamke. Akaichukua ile fomu akaisoma mwanzo mpaka mwisho. Halafu akasema ipo mashine moja ya majaribio ambayo haijapangiwa mahali.

Lakini amesema haipeleki mahali ambapo karatasi yake mwenyewe inasema hapaitaki. Anataka wanawake wa Nambis waandike kwamba wanaitaka, kila mmoja kwa jina lake, na barua imfikie kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ikichelewa inakwenda Basotu.

Mama, naona mtego ulipo. Ukiwaomba waandike wanaitaka, watauliza ni nani alisema hawaitaki. Nimelala nikiwaza. Ninaweza kuandika kwamba karani wa zamani alikosea, alichanganya Nambis na kijiji kingine. Hakuna atakayejua. Barua hiyo nimeshaianza, iko mezani. Ukisema niimalize, naimaliza siku hiyohiyo. Ukisema nisiimalize, sijui utawaambia nini wenzako, na hilo siwezi kukusaidia.

Nasubiri neno lako. Hii ndiyo mara ya kwanza naogopa kuuliza.

Mwanao,
Eva


Nambis,
23 Februari 2003

Eva mwanangu,

Marahaba. Hiyo barua ya karani aliyekosea ichane. Huku tumeshadanganya kwa kututosha.

Alhamisi jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa Philomena. Baada ya sala, kabla chai haijamiminwa, nikasimama. Walidhani nina tangazo la mchango, nikaona wawili wanaangalia mlango. Nikawaambia yote. Mashine, mtoto, ukuta, fundi na kalamu yake. Nikasema, "Neno lililowanyima mashine miaka hii yote nililisema mimi, na nilikuwa nawaonea aibu."

Philomena alikuwa amekalia mkeka, mguu ameunyoosha. Akaanza kuinuka. Kuinuka kwake ni safari. Nikajua leo anakuja kunitukana, na nikasema moyoni atukane tu, ni haki yake.

Akasema, "Yule wa njiani ni mimi."

Eva, nilikaa chini.

Akasema fundi alimkuta anatoka kisimani, akamuuliza mbona hamwendi kukamua kwa Verediana. Akasema, "Ningemwambiaje mgeni yule kwamba nyumba ya mwenzangu ina msiba na hatuingii? Angekuja kukuchokonoa na maswali, na Angela bado hata hajainua macho. Nikamwambia hatuitaki, ili akuache. Kumbe akaondoka na mashine." Halafu akasema, "Wewe unafikiri nakaa njiani mara tatu kwa sababu ya goti? Goti linauma, sikatai. Lakini wewe ukiwa nyuma yangu nilikuwa naona unanitazama kwa sababu unajua nilichomwambia fundi."

Miaka saba na nusu! Mimi natazama visigino vyake kwa aibu, yeye anasikia macho yangu mgongoni kwa aibu. Tulikumbatiana pale wazee wawili tunalia, mpaka mdogo wa Philomena akatukaripia, akasema ninyi wawili mmetubebesha magunia kichwani kwa heshima zenu, sasa kaeni mnywe chai tuandike barua. Na chai ilikuwa imeshapoa.

Barua ya Bwana Nurdin nimeiweka pamoja na hii. Majina ni kumi na moja. Wengine wameweka dole gumba. Philomena alikataa dole gumba, akasema ile mara ya kwanza alisema kwa mdomo wake, na hii anaitaka kwa mkono wake. Nikamshika mkono, tukaandika herufi moja moja. Hiyo iliyopinda inayopanda mlima ni yake.

Kitabu chenu sasa andika. Andika kwamba mpini ulikatwa na Verediana na ukatumiwa kwanza na Angela, nimemuuliza, amekubali. Na mtoto pia mwandike. Hakupata jina, basi andika tu kwamba alikuwepo.

Mashine ikija itawekwa uani kwa Philomena, penye njia ya watu wote, ili anayetaka aingie. Na umwambie Bwana Nurdin asituletee mpini wa 137. Ule ulikuwa wa chumba changu, na goti la Philomena linataka mrefu zaidi. Uani hakuna ukuta. Alete bomba zima, tutakata wenyewe.

Mama yako,
Verediana